Kichupa nilichomwahidi baba

Nairobi, Jumapili

Dada Aika,

Shikamoo. Uipokee vizuri, maana leo nimeitoa mwenyewe bila kukodolewa macho. Mama hajambo? Na yule ng'ombe wako anayekula kuliko mimi? Mikono ya baba siulizi. Ujumbe wako nimeusikia.

Kwamba ameacha vidonge vya hospitali, anangoja dawa ya mwanawe. Dada, hiyo dawa haipo.

Unakumbuka Krismasi nilivyojitanua pale kwenye pombe ya mbege. Niliwaambia wazee maabara yetu imetengeneza protini ya ugonjwa wa kutetemeka, na bila mimi mashine haziwaki. Ukweli, mimi naosha chupa. Naziosha kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki, lakini ni chupa. Baba alicheka mpaka kata ikamwagika, akanishika bega. Nikaona utamu, nikaongeza kwamba nitamletea kichupa kimoja.

Juzi nikamfuata daktari wa utafiti, mama mmoja mpole, nikamwomba tone tu. Hakunigombeza. Alifungua friza lenye baridi kuliko Kibo, akanieleza kwamba bakteria hupandikizwa maelekezo ya mwili wa binadamu ya kutengeneza protini hiyo, wakaitengeneza, kisha watafiti huisafisha waichunguze. Nikauliza, sasa inaponyaje?

"Haiponyi, Kunda. Hii ndiyo inayogandamana kwenye ubongo wa baba yako. Tunaitengeneza tujue inavyoharibu."

Yaani nilimwahidi baba ugonjwa wenyewe, tena kwa majigambo.

Daktari akasema vidonge vya baba haviachwi ghafla. Mtu anaweza kukakamaa hata kumeza kukamshinda. Nikampigia baba nikamwambia dawa hakuna. Akacheka, akasema natania. Na kweli, lini nimewahi kumwambia la maana?

Ndiyo maana nimempa barua hii jirani yangu anayeshuka Tarakea. Ukiipata tu, acha majani ya ng'ombe. Vunja jani la sale pale mpakani mwa shamba letu la kihamba, ulifunge fundo, umkabidhi baba mkononi mbele ya mama. Sema limetoka kwa Kunda, alidanganya, anaomba msamaha. Sale ni jani la kuombea msamaha, halichezewi; kwa hilo hatasema natania. Akilipokea, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Msalimie mama, na shemeji fundi seremala wa Rau. Mwambie bado namzidi urefu.

Baba akilikataa sale, usinifiche. Nitakuja nipige magoti mwenyewe, hata kama kazi itaniponyoka.

Mdogo wako,
Kunda