Sekunde Tisa za Mama

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar
Ofisini tangu saa mbili. Ripoti, joto, chai. Mchana nimekula huku nakata sauti ya Mama kutoka kwenye jumbe za sauti za zamani, alizonitumia kwa simu akinisimulia ukoo wetu. Tangu apate kiharusi hajatamka neno. Nimepata majina manane ya wazee waliotangulia. Jumamosi anampa jina mtoto wa kaka yangu. Akigusa picha ya mzee kwenye kioo cha laptopu, jina litatoka kwa sauti yake mwenyewe. Nina raha mpaka naona haya.

Jumatano, 5 Machi. Kakuma
Likizo. Nikafika nyumbani, nikamsalimu Mama kwa Kiturkana, ejok, akanishika shavu. Akagusa picha ya babu yangu. Kimya. Akagusa tena. Sekunde tisa nzima ndipo jina likatoka, mara mbili. Akaisukuma laptopu.

Kwetu bibi hutaja jina, mtoto anasogezwa titini. Akikataa, linatajwa jingine. Atakapoanza kunyonya, jina lililotajwa ndilo lake. Sasa sekunde tisa? Atakuwa ameshashiba.

Wifi yangu Akiru, mama wa mtoto, akasema polepole kwamba hata mimi shangazi ninaweza kutaja. Mama akalia. Nimejichukia.

Alhamisi, 6 Machi
Kosa ni langu. Programu nimeiandika kwa lugha niliyobuni mwenyewe, amri zake za Kiturkana. Miaka miwili ya jasho. Lugha hiyo inafasiriwa na programu nyingine, nayo inafasiriwa na nyingine tena, na zote zinaishi ndani ya kompyuta ya kuigiza niliyoiweka ndani ya hii laptopu kuukuu. Kila tabaka linasubiri lililo chini yake. Lodwar niliona inachelewa. Nikasema si kitu. Nilitaka Mama aongee kupitia lugha yangu. Majivuno tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeondoa kompyuta ya kuigiza. Sekunde nne. Akiru akacheka, akasema mwanawe hana subira hiyo.

Nimekaa saa nzima naitazama lugha yangu. Imeniuma. Kisha nikaitoa. Nimeandika upya, amri ambazo mashine inazielewa moja kwa moja. Mistari michache, mikavu, hakuna neno hata moja la kwetu.

Mama akagusa. Jina likatoka papo hapo. Akaivuta laptopu karibu.

Jumamosi, 8 Machi
Jina la kwanza, mtoto akageuza uso. La pili, akalia. Mama hakuwa na haraka. La tatu, Lokwang, baba yake Mama. Akagusa, sauti ikatoka, mtoto akanyonya.

"Amemsikia bibi yake," Akiru akasema.

Nimelia mbele ya watu.

Jumapili, 9 Machi
Kesho Lodwar. Lugha yangu iko kwenye flashi, mfukoni. Laptopu inabaki.

Asubuhi mtoto amelala, kila mtu na shughuli zake. Mama akagusa picha ile, bila kuombwa. Lokwang, ikasema sauti yake ya zamani. Midomo yake ilikuwa inakwenda nayo.