Mstari wa Anjela

Jumatatu, 12 Mei
Kidato cha Pili, vipindi viwili. Kuchora mstari mnyoofu. Nimefundisha kama kila mwaka: namba iliyo peke yake inakuonyesha pa kuanzia kwenye mhimili wa y. Namba iliyoshikana na x ndiyo mteremko, inakuambia upande juu hatua ngapi kila ukienda kulia hatua moja. Wamechora. Anjela alikaa tu, mikono mezani. Haoni tangu augue surua akiwa darasa la tatu. Kwenye grafu huwa namwambia apumzike. Leo akauliza, "Mwalimu, hicho mnachochora kikoje?" Nikamwambia tena apumzike. Najisikia vibaya mpaka sasa.

Jumanne, 13 Mei
Mvua tangu alfajiri. Baada ya vipindi nimeshuka Moshi mjini kununua misumari midogo na uzi wa viatu. Kipande cha mbao nimeomba kwa fundi seremala. Misumari mia, kumi kwa kumi. Dole gumba limevimba.

Jumatano, 14 Mei
Nimempa Anjela ubao. Msumari wa kona ya chini kushoto ni sifuri. Nikamsomea: y ni sawa na mbili x jumlisha moja. Akapanda msumari mmoja, akafunga uzi hapo. Kulia moja, juu mbili, akazungusha uzi. Kulia moja, juu mbili. Tena. Wenye macho walikuwa bado wanatafuta rula.

Halafu akakunja uso. "Mwalimu, hapa katikati umepinda."

Nikamwambia amekosea kuhesabu. Akarudia. Umepinda vilevile. Nikamwambia tena, kwa ukali kidogo.

"Hesabu ni sahihi," akasema taratibu. "Kama kila hatua napanda sawasawa, utapindaje? Labda ubao."

Nikachukua rula. Safu wima ya tatu ya misumari nimeikosea, karibu nusu sentimita. Mimi, miaka ishirini na mbili kazini. Nimemwomba radhi mbele ya wote.

Alhamisi, 15 Mei
Nimeng'oa safu nzima, nimepigilia upya. Mwalimu wa taaluma anasema kwenye jaribio la Jumatatu Anjela aruke swali la grafu. "Tusimtese mtoto." Alama kumi zinapotea hivihivi. Nilipomwambia Anjela hakulia. "Naomba aje anipime mwenyewe." Naogopa kuliko yeye.

Ijumaa, 16 Mei
Alikuja. Akachagua kwa makusudi: y ni sawa na nusu x jumlisha tatu. Kwenye nusu ndipo darasa zima hukwama.

Anjela akapanda hadi msumari wa tatu. Kidole kikasimama. Kikakaa pale. Jibu nalijua, na siruhusiwi hata kukohoa. Nilimkasirikia yule mwalimu, nikajikasirikia na mimi mwenyewe.

Ndipo kidole kikaondoka. Kulia mbili, juu moja. Kulia mbili, juu moja. Mpaka ukingoni mwa ubao. Akavuta uzi, akaupapasa toka mwanzo hadi mwisho.

"Umenyooka," akasema.

Mwalimu wa taaluma akafumba macho, akaupapasa naye. "Atafanya jaribio lote." Akatoka. Niligeukia dirishani wasinione uso.

Namheshimu mtoto huyu kuliko walimu wengi niliofanya nao kazi.

Jumatatu, 19 Mei
Jaribio limeisha. Grafu kapata zote kumi. Kwingine kakosa maswali mawili, moja kwa uzembe. Nimemwambia hivyo hivyo.

Jioni mama yake alikuja kumchukua, ana mwavuli. Anjela akasimama mlangoni.

"Mwalimu, kuna mistari isiyonyooka?"

Ipo, nikamwambia. Utaikuta mbele.

"Nayo inashikika?"

Nimemwambia sijui. Kweli sijui. Akacheka kidogo, akaniaga. Wakateremka kwenye migomba, mama mbele, mkono wa Anjela begani kwake. Mvua ilikuwa imepungua.