Kasoro ya Njeri Haikuwa ya Mama Peke Yake

Mpendwa mjukuu wangu Wairimu,

Habari za chuo? Huku Rongai mahindi yamebeba vizuri, na mamako amepona kile kikohozi.

Uliniuliza kwa simu kama kwetu kuna mtu aliyekataa kukua. Alikuwepo dada yangu mkubwa, Njeri. Alifika umri wa kuolewa akiwa na kimo na kifua cha mtoto.

Siku moja baba aliita wazee wa ukoo wake, akamwambia mama mbele yao, "Kwetu hakuna watu kama huyu. Umemleta na damu yenu. Rudi kwenu."

Njeri akasimama mlangoni. "Baba, mgonjwa ni mimi. Mbona unamfukuza mama?"

Mama alifunga nguo zake kwa leso akaenda, na hakurudi.

Sasa umenieleza kwamba kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kuna protini inayoshika jeni na kuziamsha, ndipo seli zitengeneze homoni za kukuza mwili. Protini hiyo ikiharibika, jeni zinalala tu. Ukaongeza kwamba mara nyingi mtoto hupata kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili.

Nilikata simu, ndiyo maana ninaandika. Baba alizikwa akisifiwa. Mama alifia kwa kaka yake, akiamini tumbo lake ndilo lililomharibu Njeri.

Ukiwa daktari, na mama akuletee mtoto kama huyo, mwite baba pia aingie asikie.

Shosho yako,
Wangari