Saa Tano za Kutoka Doha

Mama,

Leo ni siku ya nne tangu tukuzike. Nasema "tukuzike", na mimi sikuwepo.

Jana baada ya hitima nilisema neno ambalo ilinipasa nikwambie wewe ungali hai. Kutoka Doha hadi Nairobi si siku mbili. Ni saa tano na kidogo. Nilikudanganya, Mama.

Siku ile ulikuwa barazani unamenya viazi vya karai, simu umeiegemeza kwenye sufuria. Ukasema, "Nataka nije nikaone unapolala, mwanangu. Wiki moja tu." Nami nalala chumba cha wanaume wanane, kitanda cha juu, mikono imebabuka kwa sabuni ya kuoshea vyombo. Na wewe mtaa mzima wa Muyeye umeutangazia kwamba Athumani wako yuko ofisini. Nikakwambia ndege inakaa angani siku mbili, miguu yako itafura, hutaweza. Ukaokota kiazi kingine. Kisha ukasema, "Basi. Pole wewe unayekwenda na kurudi."

Ukanionea huruma mimi!

Kumbe uliwaambia na watu.

Alfajiri uliyofariki, dada Mwanaisha alinipigia akilia. Ndege ya saa mbili asubuhi ilikuwa na nafasi. Nikamwambia, "Nisubirini, alasiri nitakuwa Malindi." Mjomba Shee akaichukua simu. "Usijitese, mwanangu. Marehemu mwenyewe alitwambia safari ya huko ni siku mbili. Maiti hawekwi hivyo. Muombee dua huko huko."

Neno la kumwambia lilikuwa moja tu, Mama. Nilidanganya.  Badala yake nikajibu, "Haya, Mjomba."

Ndege ile niliipanda vivyo hivyo, na saa kumi alasiri niliingia uani, begi begani. Walikuwa wameshakuzika baada ya adhuhuri. Kanzu ya Mjomba ilikuwa bado ina udongo. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea, mahali pangu mimi, mwanao wa kiume wa pekee. Alinitazama sana.

"Umekuja na nini?"

"Na ndege, Mjomba."

Hakuuliza tena. Watu wakanipa pole, na kila pole ilinichoma.

Basi jana nikamweleza Mjomba yote, Mwanaisha akisikia. Vyombo, chumba, siku mbili zile. Nilingoja anitukane. Alivua kofia tu, akaikunja, akaikunjua.

"Ungenambia, Athumani," akasema polepole. "Tungekungoja."

Mama, nisamehe. Wallahi sikukuonea haya wewe. Nilijionea haya mimi.

Narudi kazini Jumamosi. Nitatafuta chumba changu peke yangu, hata kiwe na nafasi ya mkeka mmoja, na Mwanaisha atakuja akaone ninapolala. Nimeshamwambia safari ni ya saa ngapi.

Mungu akulaze pema, Mama yangu.

Mwanao,
Athumani