Mistari Miwili, Usenge

Jumatatu, 2 Juni 2025
Sindano ya tisa. Mdomo umejaa vidonda, hata chai inawasha. Lakini homoni ya mimba kwa damu imeshuka — 112! Mwezi wa tatu ilikuwa zaidi ya elfu arobaini. Sista Nabututu akaniimbia wimbo wake: mimba zabibu, ile isiyo na mtoto, ikigeuka kansa, inapona, wengi wanaokufa ni wale wasiorudi. Nitarudi, sista.

Alhamisi, 5 Juni
Kesho Usenge. Baba mkwe, Mzee Ogola, ametoka mochari baada ya wiki mbili. Maskini, alinipenda. Mimi ndiye mke wa mwanawe wa kwanza, jiko la matanga ni langu. Nimemwambia mume wangu Oluoch, Jumatatu lazima niwe kliniki Kisumu. Tutaona, akasema. Sikuipenda hiyo tutaona.

Jumamosi, 7 Juni
Tumezika. Sufuria tangu alfajiri. Harufu ya dagaa wa omena ikanishinda, nikatapika nyuma ya jiko — mbele ya wanawake wote!

Jumapili, 8 Juni
Mama mkwe akamtuma wifi Winny duka la dawa, akaleta kipimo cha mimba. Nikakubali ili wanyamaze. Ujinga wangu! Nilidhani homoni imepungua sana, kipimo hakitaiona.

Mistari miwili.

Ni ugonjwa. Sista alishanieleza, na vidonge vya kupanga uzazi sijaruka hata kimoja. Lakini kwa dakika moja nilishika tumbo. Niliumia mpaka nikacheka.

Vigelegele kwenye msiba! Mzee amerudi, wanasema, mtoto ataitwa Ogola. Nimetolewa jikoni, napewa samaki mbuta mnono. Oluoch anajua kila kitu. Ndiye aliyewaambia kwamba ile mimba ya kwanza ilitoka tu, basi. Leo kasimama pale akipokea pongezi. Nilitaka kumtupia sahani.

Jumatatu, 9 Juni
Saa kumi na mbili asubuhi. Nimevaa. Mama mkwe ameweka kiti mlangoni, amekalia.

"Nyathina, mwanangu, sindano gani hiyo? Unataka kumuua mzee mara ya pili?"

Nimesema ni kansa. Nimesema kwa sauti, Winny akaangusha kikombe. Mama anasema shetani hapendi baraka. Kisha amemgeukia mwanawe: wewe sema, mke wako ni mgonjwa ama ana mimba?

Nje mwenye pikipiki anapiga honi. Naandika nimesimama. Oluoch ana kadi yangu ya kliniki, anaigeuzageuza. Mara ya tatu sasa Mama anamuuliza. Anaangalia kadi, haniangalii mimi —