Randa ya Stima Iliyobaki Thika

Thika,
Jumapili, 9 Novemba 1958

Kwa ndugu yangu Gerishon Kang'ethe,

Pokea salamu nyingi kama maranda ya kutwa nzima. U mzima? Mama yako anaendeleaje na ile miguu yake? Nimesikia chifu wa huko kwenu bado hajakuandikia ruhusa ya kuvuka kuja upande huu, na kwamba unaripoti kwake kila Jumatatu kama mtoto wa shule. Vumilia. Mimi ni mzima kabisa, nimenenepa, na viatu vyangu vina soli mbili. Msichana wangu Ndila ameota meno ya mbele na anauma kila mtu isipokuwa mimi. Barua hii haipiti posta. Absalom, yule dereva wa lori la mahindi, ataitia mkononi mwako, kwa hiyo naandika bila kuogopa macho ya mtu.

Lile jambo nililokudokezea mwezi wa tisa sasa nakueleza kwa urefu, maana bahati kama hii haifai kuandikwa mstari mmoja. Mzungu mmoja wa mkonge alikuwa anarudi kwao, vitu vyake vikapigwa mnada hapa Thika. Kulikuwa na mashine ya randa, ya stima, na watu kumi na wanne tuliitaka kwa bei ileile, hakuna aliyekubali kupanda. Mpiga mnada akachoka, akatia majina yetu ndani ya kofia. Likatoka la nani? La Wambua. Wahindi wawili waliondoka bila kuaga. Ndugu yangu, mimi nimefika Mombasa, nimefika Kampala, nimewapikia askari wa Kiingereza vitani kule Bama, lakini sijaona mtu mwenye nyota kama yangu. Mashine yako askari waliibeba mwaka wa hamsini na nne, kama nilivyokuandikia ukiwa kambini kizuizini. Hii ni kama dada yake: meza mbili za chuma, ngoma ya visu vitatu, na mota inayolia kama mzinga wa nyuki.

Jioni nikiizima nakumbuka Ruiru, kwa mzee Odhiambo aliyetufundisha kazi. Randa za mkono, mbao za mwangati, wewe upande huu wa benchi na mimi upande ule, tukishindana nani atatoa utepe mrefu usiokatika. Ulinishinda kila siku, nami nikasema ubao wako ndio laini. Tukabadilishana mbao, ukanishinda tena. Mzee alikuwa akiokota maranda yetu, anayanusa, kisha anataja ni nani hajanoa kisu. Saa nne tulikuwa na mkate na chai ya kopo, na wewe unaomba sana mpaka chai inapoa. Mimi nilikuwa nainywa yako ukiwa umefumba macho. Naomba msamaha wa chai hiyo leo.

Halafu ile siku ulipompa nyapara wa kiwanda cha mbao baiskeli yako nzima, naye akakupa randa ya stima, chuma kilichotupwa nje kwenye mvua. Tulikisukuma kwa mkokoteni kutoka Ruiru mpaka hapa, kwa sababu ni Thika tulipopata kibanda chenye stima, nyuma ya duka la Mhindi. Ndani ya mota kulikuwa na kiota cha panya. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikasema umenunua nyumba ya panya. Wewe hukujibu. Uliosha beringi kwa mafuta ya taa wiki mbili, ukashona mkanda mpya wa ngozi ya ng'ombe, na mashine ilipozunguka mara ya kwanza ulivua kofia kama mtu aliye kanisani. Tuliitumia miezi saba tu, ukachukuliwa.

Sasa habari yenyewe. Alhamisi shemeji Wakonyo, mkeo, alikuja kwa lori la kahawa kutoka Ruiru, na nguzo sita za mwangati. Zilitoka kwenye ngome ya homugadi, wale walinzi wa serikali, iliyobomolewa karibu na shamba anapochuma kahawa, na nyapara alimruhusu azichukue. Anataka kitanda. Alisema mume wake amelala chini miaka minne, na akirudi hatalala chini hata siku moja, tena mbao zirandwe mpaka mkono uteleze. Nikazipasua kwa msumeno, nikamwambia asimame kando aone watu wa maana wanavyofanya kazi. Mbao mbili zilipita vizuri, maranda yakamrukia mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Ya tatu ilikuwa na msumari wa seng'enge umezama ndani, kichwa kimekatika, tundu limejaa vumbi. Mimi kwa maringo sikuwa nimepitisha hata kidole kukagua. Mlio ule sitausahau. Cheche ziliruka, fyuzi ikaungua, Mhindi akabaki dukani gizani anatukana kwa lugha yake, na visu vyote vitatu vikapata mapengo kama ya nyanya yangu.

Ijumaa nilishinda nikinoa. Kunoa najua. Kuvipanga ndiyo kazi. Unakumbuka ulivyokuwa ukilaza kijiti juu ya meza ya nyuma, unazungusha ngoma kwa mkono, na kila kisu kinavuta kijiti kiasi kilekile, upana wa ukucha? Changu cha kwanza kilivuta, cha pili kikapita bila kugusa, cha tatu kikakirusha kijiti mlangoni. Nililegeza, nikagonga, nikakaza, nikaulaani mkonge wote wa Thika. Mwishowe nikafanya ulichokuwa ukifanya wewe, nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Jumamosi saa tano vikavuta sawasawa. Mbao zikatoka nyekundu, zinang'aa, na kibanda kizima kikanuka kama kwa mzee Odhiambo.

Wakonyo alikuwa amelala kwa dada yake Idah kule Kamenu. Alipofika akapitisha kiganja juu ya ubao, kisha akaniuliza akiangalia chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Baba Ndila, Gerishon akirudi, utamwandika kazi kwenye mashine yako? Hata ya kufagia tu."

Nikamjibu, "Tutaona, mama Kagwe. Kazi ni kidogo siku hizi."

Akasema asante. Alisema mara mbili.

Leo asubuhi kanisani sikusikia neno hata moja la mahubiri. Basi sikiliza. Siku askari waliporudi kubeba vitu vyako, nilisimama mbele ya mashine nikasema ni yangu, mimi Mkamba si Mkikuyu, kipande changu cha utambulisho ndicho hiki. Wakaenda na msumeno wako na koti lako. Uongo huo siutubu. Nikakuandikia kambini kwamba imebebwa, kwa kuwa barua zako zilisomwa na wengine kwanza. Huo pia unaweza kunisamehe. Lakini sasa uko nje, Absalom anapita kwenu kila wiki, na bado nilikuletea hadithi ya mnada. Hapo hapakuwa na askari wa kuogopa. Watu hapa wananiita Fundi Stima, Gerishon, na masikio yangu yamezoea.

Kesho nitakipeleka kitanda Ruiru mwenyewe, na nitamwambia Wakonyo kabla sijakishusha. Kama atanifukuza, nitakiacha mlangoni. Ruhusa yako ikitoka, shukia Thika kwanza. Nisipokuwapo, ufunguo wa kibanda anao mke wangu Mbula, ambaye anakusalimu sana na hajui bado ameolewa na mtu wa aina gani. Msalimie mama. Mzee Kilonzo, baba yangu, naye anakuulizia kila akija mjini.

Ile bahati niliyoanza kujisifia ni uongo mtupu. Hakukuwa na mnada wala kofia. Mashine ni yako.

Ndimi,
Wambua