Rubani wa Sebuleni

Jumamosi, 12 Julai 2025

Ndege imetua sebuleni. Haikuomba ruhusa.

Basi la mume wangu Shamsi liko gereji, linasubiri gia boksi kutoka Dar, naye, dereva wa Kasulu–Kibondo miaka nenda rudi, hajui kukaa nyumbani. Sasa kajitafutia usukani mwingine. Kabati la vyombo limesukumwa kando. Mahali pake pana kiti kichakavu cha basi, kompyuta, usukani wa gemu na vioo viwili vya kugusa alivyovipata Kigoma, kwenye supamaketi iliyofungwa. Vilikuwa vya kaunta, kazi yake kupiga hesabu za sukari na sabuni. Leo vinaendesha ndege.

Si mchezo, kasema, ni mafunzo. Tangu utoto alitaka urubani. Mimi tangu utoto nilitaka sebule.

Kasoro moja tu — ukigusa kioo cha kushoto, kinachojibu ni cha kulia! Kabonyeza kuwasha injini, ramani ikakua. Kabonyeza ramani, injini ikazimika tukiwa angani. Tumeanguka na kuanguka hadi saa ya chakula, wote tuliokuwemo, pamoja na mama mkwe, Bi Adija, aliyekuwa mkekani akichambua maharage. Hakuacha kuchambua.

Jumapili, 13 Julai

Jana jioni alivinyoosha vioo. Kushoto kukawa kushoto. Kajisifu hadi kwa jirani.

Asubuhi kawasha — vimebadilishana tena. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumanne, 15 Julai

Kaja Kipriani, fundi simu wa sokoni. Mtu mzima, mpole, wazazi wake walitoka Burundi wakalima Kagerankanda, yeye kakimbia jembe. Hakugusa kitu kwanza. Kauliza tu: ukimaliza kurusha, unazimaje?

Shamsi kwa majivuno: nachomoa kila waya. Si ndivyo tunavyofanya wote? Hapa hata pasi hailali kwenye soketi. Umeme ukikatika halafu ukirudi na hasira zake, unaondoka na friji. Bi Adija huchomoa hata redio ya betri.

Kipriani katikisa kichwa. "Ego, naam, ugonjwa ndio huo, mzee. Chomoa wa ukutani tu. Hizi za vioo ukizing'oa unarudisha tundu lolote, na kompyuta inavitambua vioo kwa matundu. Unaichanganya mwenyewe kila siku."

Yaani adui wa ndege yetu alikuwa rubani. Nilikohoa tu, kwa sauti.

Firdausi, binti yetu, kaleta rangi ya kucha: nyekundu kwenye waya wa kushoto na tundu lake, ya zambarau kulia. Kipriani kavipima vioo upya, kakigusa kila kialama kwenye pembe. Vikatulia. Ndege nzima inarushwa kwa vipodozi.

Alhamisi, 17 Julai

Vioo vimepona. Kwa watu wote isipokuwa mmoja!

Firdausi katua Kigoma bila kumwaga chai. Mimi nimeruka hadi ziwani, nimegeuka, nimerudi (ni rahisi kuliko kuweka uzi kwenye sindano). Bi Adija kaitwa abonyeze kitufe cha magurudumu, kabonyeza, yakashuka. Kauliza kama ndege inapita Kakonko, ana mtu wa kumjulia hali.

Kakaa Shamsi. Kavaa miwani yake ya jua ya safari, sebuleni, pazia limefungwa. Kabonyeza magurudumu — zikawaka taa. Karudia, redio. Kabonyeza redio, injini moja ikazima. Tachi imekufa, kasema. Firdausi kabonyeza palepale, magurudumu yakashuka. Basi tachi ina ubaguzi!

Kapigiwa Kipriani. Kajibu kwamba hajawahi kuona tachi iliyokufa kwa mtu mmoja. Shamsi kakata simu. Halafu lawama zikagawiwa: vumbi, moshi wa mkaa wangu, Firdausi kubonyeza kwa kucha, Kipriani kutojua kazi, na mimi, wivu. Wivu wa nini jamani? Wa kuanguka ziwani?

Nimemwita Kapteni siku nzima. Wakati wa kula nimemtangazia kwamba wali unakaribia kutua, abiria wafunge mikanda. Bi Adija kacheka hadi akapaliwa. Shamsi hakucheka. Kala kwa kijiko. Kasema mkono umechoka na hizo tachi.

Ijumaa, 18 Julai

Umeme hakuna tangu asubuhi. Shamsi kaenda msikitini. Nimemfunga vifungo vya kanzu mimi mwenyewe. Siku hizi anapenda nimfunge. Nilidhani ni mapenzi, basi nami nikawa najipaka manukato kwanza.

Nikachukua kitambaa nifute vile vioo. Wiki nzima madirisha yako wazi na barabara inatutimulia vumbi jekundu, Julai ya Kasulu hii. Nikafungua pazia. Jua likaingia kwa ubavu, kioo kikiwa cheusi, na alama zote za vidole zikaonekana.

Za Firdausi nazijua, ndogo, za mviringo. Za Kipriani pembeni. Na katikati, kwenye magurudumu, alama ya kidole kinene. Pembeni yake mburuzo. Kama mtu kabonyeza kwa kidole cha shahada huku vidole viwili vya mwisho vikijikokota vyenyewe juu ya kioo. Kila alama yake ina huo mkia. Kila moja.

Nimempigia Kipriani, nimeuliza kama mzaha: mtu akigusa sehemu mbili pamoja, inakuwaje? Kasema vioo vya kaunta vya zamani vinajua kidole kimoja tu. Ukivigusa kwa viwili vinachukua pa katikati. Kwa hiyo ukitaka magurudumu unapata taa. Kauliza kwani nani anagusa hivyo. Nimesema mtoto wa jirani.

Kitambaa nimekirudisha. Sikufuta.

Mtu ambaye hajui vidole vyake viko wapi. Na mguu je, ule wa breki? Anabeba watu, basi zima, na miteremko ya kwenda Kibondo yeye ndiye huwa anaisimulia. Naogopa. Naandika tena niione vizuri: naogopa. Na wiki nzima nimekuwa nikimcheka.

Jumamosi, 19 Julai

Nimemwambia. Nilianza vibaya, kwa kejeli, maana ndiyo njia ninayoijua: Kapteni, kioo kizima, kibovu ni wewe.

Kasema mkono umekufa ganzi kidogo, aliulalia. Lini? Juzi. Juzi ipi? Baadaye kasema tangu Mfungo wa Ramadhani.

Nimesema Jumatatu twende hospitali. Kasema daktari ataandika apumzike, na tajiri wake habembelezi mtu. Madereva wamejaa stendi wanasubiri mwenzao apige chafya. Na yeye asipoendesha ni nani? Kauliza hivyo hasa, "Mama Firdausi, mimi ni nani?" Nimetafuta neno la kuchoma, sikulipata. Nikamwambia ni mume wangu na ni mjinga. Katoka nje.

Kumbe hiyo ndege yote, kiti, vioo, miwani, alikuwa anaupima mkono mahali ambapo akianguka hafi mtu. Si mjinga sana. Hilo ndilo linaniuma.

Jumapili, 20 Julai

Basi limepona. Limeletwa jioni, limeegeshwa mbele ya nyumba. Kaliosha mwenyewe, upande mmoja mzuri kuliko mwingine.

Jumatatu, 21 Julai

Niko chumbani, nimejifungia. Funguo za basi ziko mapajani mwangu. Naandika ili mikono yangu isifungue mlango.

Abiria wako stendi. Konda kapiga simu mara ngapi sijui. Firdausi kampelekea baba yake chai, karudi nayo. Bi Adija kasema mlangoni, taratibu, kwamba mke hamzuii mume kwenda kazini. Halafu kasema: usifungue.

Sasa ni Shamsi. Alianza kwa ukali. Kaniita kwa jina langu, Yasmini, kavu, jambo asilolifanya mbele ya mama yake. Kasema nimemdhalilisha. Kasema watu wana wagonjwa Kibondo, wana biashara, wanamsubiri yeye. Nimemjibu ndiyo maana. Kasema mkono umeamka, leo ni mzima kabisa, kaufanyia mazoezi tangu alfajiri. Kaapa.

Nikasema haya. Kama ni mzima, nakupa funguo mwenyewe, na nitakubebea chupa ya chai hadi garini. Lala chini upitishe mkono wa kulia chini ya mlango. Nitagusa kidole kimoja. Ukinitajia ni kipi, umepita.

Kacheka kidogo. Kasema hata leseni hakuipata kwa masharti hayo. Nikamsikia anapiga magoti, kanzu ikikwaruza sakafu. Siku ya kazi kavaa kanzu — shati lina vifungo vingi.

Mkono umeingia. Vidole vinne hadi kwenye vifundo, na ile pete ya ndoa. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko chini.

Nimekishika cha mwisho, kile kidogo. Nimekishika vizuri, kiganja kizima. Sasa nakibana. Nakibana kwa ukucha.

"Haya, gusa basi," anasema. "Niko tayari."